Nyama Niliyoikataa Rejaf

Mlinzi akistaafu hapewi saa ya ukutani. Anarudisha rungu, anarudisha tochi, anaambiwa asante mzee, na geti linafungwa nyuma yake na mtu mwingine. Mimi nilirudisha hata filimbi, ingawa ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuisikia. Sasa nyinyi vijana mnaolinda mashamba ya watu huku kusini mwa Juba mmenisumbua niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi. Haya. Habari za cheo na mshahara naziacha, maana cheo cha mlinzi ni kimoja na mshahara wake mnaujua. Nitawaandikia kosa langu kubwa, ambalo nusura limnyang'anye mama mmoja ardhi yake. Mazuri niliyofanya mtayasikia msibani kwangu, huko watu husema uongo bila kuombwa.

Kazi nilijifunzia Kitale, Kenya. Wazazi wangu walivuka mpaka nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo Sudan niliijua kwa kusimuliwa tu. Nilipopata nguvu za kushika rungu niliajiriwa kwenye shamba kubwa la mahindi ya mbegu, chini ya mkuu wa walinzi aliyeitwa Mzee Barasa. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyecheka ila mtu akianguka. Alinifundisha kusoma nyayo, kwamba aliyebeba mzigo huzamisha kisigino na anayekimbia huchimba kwa vidole. Alinifundisha kuandika kila kitu kwenye daftari, hata ukiona paka. Na alinifundisha jambo moja nililolishika kuliko amri za kanisani: usipokee nyama. Pale Kitale wawindaji wa magendo waliingia shambani kutafuta paa, na wakikutana na mlinzi walimkatia paja ili afumbe macho. Mlinzi akila leo, kesho anawashikia mfuko, keshokutwa anawaonyesha njia. Barasa aliwafukuza watatu nikiona kwa macho yangu, mmoja wao shemeji yake, hata kabla hawajanawa mikono.

Amani ilipotiwa sahihi watu wetu wakaanza kurudi, nami nikarudi na mkoba mmoja na barua ya Kitale yenye muhuri. Juba ya miaka ile kila mtu alikuwa ametoka mahali. Huyu Khartoum, yule Kampala, wa tatu Nairobi, na kila mmoja alikuona wewe ndiye mgeni. Mama Poni nilikutana naye mtaa wa Hai Jalaba, alikopewa chumba na ndugu yake. Alikuwa mjane wa makamo, amerudi kutoka Khartoum na mabinti wawili, na mumewe amemzika huko. Alichobaki nacho ni ardhi ya mumewe pale Rejaf, kati ya mto na kilima, ambayo mume aliachiwa na baba yake kabla ya vita. Karatasi hakuwa nayo. Nani alikuwa nayo? Alikuwa na nia tu: apande simsim, yaani ufuta, muhogo na bamia, auze mjini, wasichana wasome. Aliongea Kiarabu cha Juba, na mimi nilikijua cha kuombea maji na zaidi kidogo, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. Nilimwambia, "Mama, shamba nililolinda mimi, hata panya alibisha hodi." Akanipa kazi siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza tulipofika Rejaf nyasi zilikuwa ndefu kuliko mtu, na vita vilikuwa vimeacha vitu ardhini ambavyo hakuna aliyejua viko wapi. Mama Poni alisimama barabarani akanyoosha mkono. "Inaanzia hapa, inaishia kwenye mawe yale. Tangulia wewe, ndiwe mlinzi." Nilicheka, yeye hakucheka. Nikatafuta kijia cha wawindaji. Mwindaji hupita kila siku, na akiwa mzima basi anapokanyaga ni salama. Nilikanyaga unyayo juu ya unyayo, jasho jembamba likinitoka, mpaka nikafika kwenye msingi wa nyumba ya baba mkwe wake. Vijana, mkipelekwa shamba jipya huku kwetu fanyeni hivyo hivyo. Haikunijia akilini siku ile kwamba watu niliokuja kuwafukuza ndio walionionyesha pa kuweka mguu.

Msimu wa kwanza tulilima upande wa barabara na vibarua wawili, na Mama Poni akahamia pale pale, kwenye kibanda cha udongo nyuma ya shamba. Nikamshawishi anunue waya. Kitale shamba lisilo na ua si shamba. Tulinunua mjini, Malakia, kwa Mganda mmoja mwenye duka la vifaa, jina lake Wasswa, naye akaniuliza waya wote huo wa nini. Nikamwambia wa kuzuia watu.

"Wewe naenda kuzuia watu ya Rejaf na waya?" akasema. "Sawa. Mimi nawekea wewe ingine, utarudi."

Nilimwona mpuuzi. Wiki ya tatu nilirudi. Ua wetu ulikuwa umekatwa pande zote, na vipande vyake nilikuja kuvikuta vichakani vimefungwa vitanzi vya kunasia wanyama. Nilimkuta funo amekufa, shingoni amevaa waya ambao mimi mwenyewe niliubeba begani kutoka Malakia. Tulikuwa tumewaletea wawindaji vifaa vya kazi mpaka mlangoni. Nikaandika kibao cha kukataza watu kupita, na kibao nacho kikaenda. Baadaye nilikitambua kwenye banda la kuku la mtu, kimekuwa mlango. Kilichobaki ni geti. Geti la magogo, limesimama peke yake, kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu. Kila asubuhi nilifungua kufuli lake na kila jioni nikalifunga, na sikuona kichekesho.

Lazima niseme na hili, ingawa linaniaibisha. Jumapili moja lilikuja gari la pikapu kutoka mjini, watu watatu, bunduki mbili, miwani ya jua. Hawakupunguza mwendo. Nilikimbia nikasimama mbele yao na daftari mkononi, nikawaambia hapa ni kwa mtu. Mmoja akateremsha kioo akaniuliza mimi ni wa wapi, Kiarabu gani hicho. Akaweka mtutu wa bunduki dirishani, taratibu, kama mtu anayeegemeza mkono. Niliwapisha. Walipiga swala wawili nyuma ya muhogo wetu, wakawatupa garini na kuondoka, na magurudumu yakailaza mimea. Kwenye daftari niliandika: gari, halikusimama. Na wale wa bunduki waliponishinda, hasira yote nikawawekea waliokuja kwa miguu.

Ndipo akaja Lado. Lado alikuwa mtu wa pale pale Rejaf, rika langu, mrefu, na kovu kwenye taya. Wakati wa vita alikaa kambini Uganda, huko ndiko alikookota Kiswahili. Alitokea asubuhi na wenzake sita, mikuki, wavu, na mbwa wanne wembamba. Wangeweza kupita kushoto kwa geti au kulia, palikuwa wazi kama uwanja wa mpira. Walikuja mpaka getini wakasimama nje wakasubiri nifungue kufuli. Mngekuwa nyinyi mngejiuliza. Mimi niliona ujeuri.

"Kenya," akaniita, maana kijiji kizima kilishanipa jina hilo, "leo tumeua paa huko chini. Hii ni ya mama."

Alikuwa ameshika mguu wa mbele wa mnyama, mzima na bega lake, umefungwa majani mabichi, damu bado inadondoka.

"Nani amewaruhusu kuwinda hapa?"

"Babu iliwinda hapa. Baba iliwinda hapa. Chukua, peleka kwa mama."

"Mama hali hongo."

Lado akawatazama wenzake, akanitazama tena. "Mimi hapana kupa wewe," akasema polepole. "Mimi napa mwenye ardhi."

"Na mimi nimesema toka."

Akauning'iniza mguu ule kwenye gogo la geti, kwa uangalifu, kama mtu anayetundika koti lake la Jumapili. Damu ikanichemka. Akilini nilimwona Barasa amesimama pembeni ananipima. Nikaushika, nikautupa barabarani, na mbwa wake Lado mwenyewe wakaugombania. Mzee mmoja kati yao akashika kichwa kwa mikono miwili. Hakuna aliyenitukana. Waligeuka wakaondoka, na mimi nikaandika kwenye daftari: Lado na wenzake, hongo ya nyama, imekataliwa. Niliona fahari nzito kifuani. Kabla mvua haijaisha niliandika maneno hayo mara nane, na si Lado peke yake, hata wengine. Kila aliyeleta, mguu wake niliutupa barabarani.

Kiangazi kikaja, na kwa upande huu kiangazi ni moto. Wawindaji huwasha nyasi upande upepo unakotoka, wanatega nyavu upande unakokwenda, na wanyama hukimbilia humo humo. Mchana mmoja niliona moshi ng'ambo ya mawe, mwanzo mwembamba, halafu mweusi, halafu nikausikia. Moto wa nyasi una sauti, vijana, unatafuna. Simsim yetu ilikuwa imekatwa imesimamishwa mafungu mafungu ikauke, jasho la msimu mzima. Mimi, vibarua wawili, Mama Poni na mabinti zake tulikata matawi mabichi tukaupiga ule moto kuanzia saa sita mpaka jua lilipopoa. Nyusi zangu ziliungua. Binti mdogo alianguka kwa moshi tukamvuta kwa mikono. Nusu ya simsim iliteketea, na Mama Poni alikaa chini katikati ya majivu akalia kimya, mikono imelala mapajani.

Niliwafuata kwa nyayo. Lado nilimkuta kwenye wavu wake, peke yake, anachuna ndezi. Hakukimbia. Nilimfunga mikono kwa waya, wa kwetu, niliutoa kwenye mtego wake, nikamtembeza mpaka kituo cha polisi, watu wakitoka kwenye vibanda kutazama. Njia nzima alisema jambo moja tu.

"Zamani sisi nakuja kuambia mwenye ardhi, leo tunachoma. Sasa nitaambia nani? Wewe ulifunga mlango."

Alilala ndani siku mbili. Baada ya hapo kukawa shwari kabisa. Hakuna aliyekuja tena getini, hakuna mguu, hakuna mbwa. Nyayo niliziona upande wa mawe, lakini getini hakuna mtu. Nikamwambia Mama Poni, "Umeona, mama? Wameelewa." Akasema, "Eh, Samweli," akaendelea kukuna muhogo.

Aliyekuja badala yao ni Tombe. Tombe alikuwa binamu wa marehemu mume wa Mama Poni, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye wakati wote wa vita alikaa pale pale Rejaf. Alikuja na mjumbe wa sultani, maana chifu huku kwetu ni sultani, akasema amepeleka shauri barazani: ardhi ile ni yake. Mama Poni aliondoka na mumewe, akarudi na masanduku. Aliyeitunza ni Tombe. Alisema kwa upole, akamwita Mama Poni shemeji, akamuuliza hali ya watoto. Upole ule ulinitisha kuliko bunduki ya pikapu.

Baraza lilikaa kwenye rakuba ya sultani, yaani kibanda cha nyasi kisicho na kuta, viti vya plastiki mbele, mikeka nyuma. Sultani alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, ana simu mbili na mafua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Kitale: ramani iko wapi, mipaka ilipimwa na nani. Sultani alipenga kamasi, akauliza swali moja tu.

"Wanaowinda pale, mguu wa mbele wanampelekea nani?"

Tombe aliinuka bila haraka. Akawaita wawindaji watatu, mmoja mmoja, na wote wakasema: kwa Tombe. Tangu ule moto wa kiangazi, kila mnyama aliyeangushwa kwenye ardhi ile, mguu wake wa mbele ulikwenda kwa Tombe, akaupokea, akaula na watu wake. Sultani akamgeukia Mama Poni. "Na wewe? Wewe umepokea wa nani?"

Mama Poni alitazama mkeka.

Mimi sikuwa naelewa. Nikamwinamia mzee aliyekaa karibu yangu, nikamuuliza mambo ya miguu yanaingiaje hapa. Akanieleza kwa kunong'ona, kama unavyomweleza mtoto kanisani. Huku kwetu, akasema, karatasi ziliungua, mipaka ililiwa na nyasi. Mtu akiua mnyama, mguu wa mbele ni wa mwenye ardhi. Ukimpelekea mtu mguu umesema mbele ya watu kwamba ardhi ni yake. Akiupokea, amesema nawe unaruhusiwa kupita. Ndiyo hati yetu hiyo.

Mara nane. Mara nane watu walimletea Mama Poni hati yake mpaka getini, mbichi, inadondoka damu, na mimi niliwapa mbwa. Nilisimama pale pale nikasema nina daftari, kila mguu umeandikwa. Sultani akaliomba, akalifungua, akalifunga.

"Hiki kimeandikwa na mtu wako, mama," akamwambia. "Na kinasema hongo. Kitabu hakikubeba nyama. Mlete aliyebeba, aseme kwa mdomo wake kwamba alileta kwako kabla ya kwenda kwa Tombe. Mkutano ujao, Ijumaa. Asipopatikana, ardhi itakwenda kwa Tombe, na wewe utavuna kilichosimama uondoke."

Njia nzima kurudi Mama Poni alinitangulia. Nilitaka anitukane. Angenipiga hata kofi ningeshukuru.

Mtu aliyeleta mara ya kwanza, na mara nyingi kuliko wote, ni Lado. Kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi nilikwenda kumtafuta, sina rungu, sina filimbi. Kwake ni mbele ya kilima, nyumba nne na zizi. Mbwa walinijua kabla ya watu. Walinizunguka wakibweka meno nje, na hakuna mtu aliyewaita. Wanaume watano walikuwa wamekaa kivulini wakinoa mikuki kwenye jiwe, na waliendelea kunoa. Ile sauti ya chuma kwenye jiwe naikumbuka hadi leo. Nilisimama, mikono imening'inia, nikingoja. Mmoja wao alikuwa yule mzee aliyeshika kichwa. Lado alikuwa ameketi mwishoni, kwenye kifundo cha mkono wake alama za waya bado zinaonekana.

"Kenya," akasema. "Leo umeleta polisi ngapi?"

"Nimekuja peke yangu. Nimekuja kukuomba."

Nikamwambia yote. Nilisema vibaya, nikarudia, nikachanganya Kiarabu na Kiswahili. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia Kitale nyama ni hongo, na bosi wangu alinifundisha hivyo. Wanaume wale waliacha kunoa.

"Mimi nilikupa nyama," Lado akasema, "wewe ulinipa polisi."

"Ndiyo."

"Watoto yangu iliona mimi nimefungwa kama mbuzi."

"Ndiyo."

"Tombe ni mjomba ya mke yangu. Jirani yangu. Nikisema kesho, mimi nakaa wapi?"

Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nimefikiria aibu yangu tu. Lado aliingia ndani, akatoka na sahani ya bati. Nyama ya kuchemsha, nyeusi, na chumvi pembeni. Akaiweka mbele yangu.

"Kula."

Tangu niajiriwe Kitale, nyama ya mwitu haikuwahi kupita mdomoni mwangu. Mzee Barasa anisamehe huko aliko. Nilikaa chini nikala, watu watano wakinitazama. Nilikula mpaka mifupa. Nilipomaliza Lado akachukua sahani.

"Sasa nenda."

"Utakuja kesho?"

"Nimesema nenda."

Ijumaa rakuba ilijaa mpaka juani. Tombe alivaa shati jeupe. Mama Poni alikaa katikati ya mabinti zake, na mimi nyuma yao, shingo imekakamaa kwa kugeukia barabara. Sultani alisikiliza kesi ya ng'ombe, kisha ya mahari, kisha akatuita sisi. Akauliza shahidi wa mama yuko wapi. Nikasema anakuja. Akangoja. Akaangalia simu ya kwanza, akaangalia ya pili. Tombe akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba tusichoshe watu wazima. Sultani akaomba fimbo yake, na watu wote tulijua akiishika anasema neno la mwisho.

Lado aliingia kwa upande wa Tombe. Alikaa huko huko, kwenye mkeka wa Tombe, bila kututazama, na nikasema moyoni basi, kwisha. Kisha akasimama.

"Mguu wa kwanza mimi nilipeleka kwa mama," akasema, kwa Kibari sasa, lugha yao ya pale, na yule mzee wa kunong'ona akanitafsiria sikioni. "Wa pili pia. Na wa tatu. Watu wengine nao walipeleka, wako hapa, wasijifiche. Mtu wake aliitupa. Tulipokosa pa kupeleka, Tombe alituambia tusiende tena kule, tulete kwake. Alijua tulikotoka."

Mke wa Lado, aliyekuwa amekaa nyuma, akajifunika uso kwa kanga. Sultani akanyoosha fimbo kwangu.

"Wewe. Ulitupa?"

"Nilitupa."

"Mama alikutuma?"

Hapo ndipo palipokuwa na kisu. Nikisema alinituma, basi mwenye ardhi ameikana ardhi yake kwa mkono wangu. Nikisema hakunituma, mimi ni mtumishi aliyesema kwa kinywa kisicho chake, na mbele ya watu wote hakuna mlinzi tena, kuna mjinga mmoja kutoka Kitale. Nilijua kipi ni kweli. Kukitoa ndiko kulikokuwa kugumu.

"Hakunituma. Sikumuuliza. Nilifanya kwa akili yangu."

Sultani alinitaka niseme tena, kwa sauti, kwa waliokaa juani. Nikasema. Akanitaka nimgeukie Lado niseme mara ya tatu. Nikasema, machozi yakinitoka, nami sikuyafuta. Akaishika fimbo akasema mguu uliofika getini umefika, aliyeutupa si mwenyewe, ardhi ni ya Mama Poni na wanawe. Tombe alitoka bila kuaga. Lado naye alitoka, akapita mbele yangu kama anapita gogo, na mwaka ule hakunisalimu. Yeye na mkewe waliacha nyumba yao, wakahamia ng'ambo ya mto. Nayo hiyo niliifanya mimi, msinipe moyo.

Tulirudi kwa miguu, mabinti wametangulia wakiimba. Mama Poni alitembea kando yangu polepole. Nikapiga moyo konde nikamuuliza.

"Mama, wewe ulijua maana ya ule mguu?"

"Nimeolewa hapa, Samweli. Nilimwona baba mkwe akiupokea."

"Na uliniona nikiutupa?"

"Kila mara. Nilikuwa nasikia mbwa."

Nilisimama barabarani. "Kwa nini hukuniambia?"

Hakusimama, ilibidi nimkimbilie nisikie. "Nimekaa Khartoum miaka mingi," akasema. "Nilirudi, kila mtu akaniambia mambo yamebadilika, ya zamani yamekwisha. Wewe ulikuja na kauli ile yako ya panya, unaandika, unafoka. Nikafikiri sasa ndivyo inavyofanywa." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Na nilikuwa nakuogopa."

Nililinda mashamba miaka mingi kabla ya siku ile, na mingi baada yake, pale pale kwake, hadi magoti yalipogoma. Bunduki nimeelekezewa, mshale umenikosa sikio. Hakuna kilichonipata kama neno lile. Nilitafuta cha kumwambia, nikapata samahani tu, ndogo, ya Kiarabu cha kuombea maji. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nikaze mwendo, mabinti wameshafika getini na ufunguo ninao mimi.